Msamaha uliotangulia kosa: nimeitazama "Des hommes et des dieux"

Filamu nyingi za dini nilizowahi kutazama humtesa mtu mwanzo hadi karibu na mwisho, kisha msamaha unamtoka ghafla huku kinanda kikilia. Hii ya Xavier Beauvois, ya mwaka 2010, imefuata njia nyingine, na ndiyo sababu naisifu.

Kisa ni cha kweli: wamonaki Wafaransa wa Tibhirine, Algeria, watawa wa shirika la Kikatoliki la Watrapisti, waliotekwa Machi 1996 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Saba waliuawa. Kuuawa kwao hatuoneshwi. Tunachooneshwa ni mabishano: tuondoke au tubaki? Mmoja analia usiku chumbani mwake akimsihi Mungu asimwache, na hapo ndipo imani yao iliponiingia. Mwingine anasema wao ni kama ndege juu ya tawi, hawajui kama wataruka. Mama wa kijijini, Mwislamu, anamrekebisha: ndege ni sisi, tawi ni ninyi.

Mkesha wa Krismasi watu wenye bunduki wanakuja kudai daktari na dawa. Mkuu wa nyumba ya watawa, Christian de Chergé, anakataa, kisha anaanza kusoma aya ya Kurani inayowataja makasisi na wamonaki. Kiongozi wa wale watu anaimalizia yeye mwenyewe! Baadaye Christian anaitwa kuitambua maiti ya kiongozi huyo, na anaiombea mbele ya ofisa wa jeshi aliyekereka waziwazi. Halafu kuna wasia wake, alioukamilisha Januari 1994, zaidi ya miaka miwili kabla ya kutekwa. Anamwita muuaji asiyemjua rafiki wa dakika ya mwisho, akitumaini watakutana peponi, wanyang'anyi wawili wenye heri. Amesamehe kabla hajakosewa.

Kasoro zipo. Ni saa mbili, zaburi zinaimbwa sana, na asiyezoea sala za watawa huenda akasinzia. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba nusu ya pili inakisahau kijiji, ilhali Waislamu wale walikuwa katika hofu hiyohiyo, tena bila Ufaransa ya kurudi. Na ile karamu ya mvinyo yenye muziki wa Tchaikovsky, inayosifiwa na wengi, kwangu imezidi chumvi. Uso wa Michael Lonsdale, anayeigiza Luc, daktari mzee, ungetosha bila muziki wowote.