Mosin-Nagant 91/30: bei tu ndiyo ilikuwa rahisi

Nimekuwa na Mosin-Nagant 91/30, bunduki ya zamani ya jeshi la Kisovieti, tangu enzi zile maduka ya bunduki hapa Texas yalipokuwa yakiziuza chini ya dola 150, zimesimamishwa kwenye kreti kama mafagio. Siku hizi ukiipata nzima kwa dola 400 shukuru. Nalitaja hilo mwanzoni kwa sababu uzuri wa bunduki hii kwa mlenga shabaha wa wikiendi ulitegemea sana bei yake.

Kwa mliopita JKT mkashika SMG au SAR zinazojipakia zenyewe, hii ni habari nyingine. Kila risasi unakoki mwenyewe: nyanyua mkono wa bolti (kile chuma kinachosukuma risasi ndani na kuifungia), vuta nyuma, ganda liruke, sukuma mbele, shusha. Inabeba risasi tano. Mtambo wenyewe ni wa 1891, ukaboreshwa 1930, na viwanda vya Urusi vya Tula na Izhevsk vilizitoa kwa mamilioni. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zilikarabatiwa, zikazamishwa kwenye grisi nzito na kufungiwa maghalani miaka na miaka.

Grisi hiyo imeingia kila tundu. Niliifungua bunduki yote, vyuma nikavimwagia maji ya moto, mbao nikaianika juani Agosti huku nikiifuta kila ilipotoa jasho. Ukidhani umemaliza, bado. Iliyobaki ndani ya chemba, pale risasi inapokaa ikisubiri kupigwa, ndiyo chanzo cha lile tatizo ambalo kila mwenye Mosin analijua: unapiga risasi kadhaa, chemba inapata moto, grisi iliyoganda inalainika na kunata, na bolti inagoma kunyanyuka. Utawaona watu uwanjani wakiigonga kwa nyundo ya mbao. Mkono wa bolti nao ni mfupi na umenyooka, kwa hiyo nguvu yote inatoka kiganjani. Dawa ni brashi ya shaba iliyofungwa kwenye drili, pamoja na kiyeyushi, izungushwe ndani ya chemba mpaka kitambaa kitoke kisafi. Yangu haijagoma tena tangu nifanye hivyo.

Sefti yake, ile ya kuzuia isifyatuke, ni kichekesho. Hakuna kitufe. Unashika kile kifundo cha nyuma ya bolti, unakivuta kwa nguvu dhidi ya springi, kisha unakizungusha kushoto. Mwenye vidole vilivyolowa jasho asijaribu. Mimi siitumii kabisa. Kama sipigi, bolti iko wazi na chemba iko tupu, basi.

Risasi zake, 7.62x54R, zina ukingo kitakoni. Ukizipakia ovyo, ukingo wa risasi ya juu unakaa nyuma ya ule wa chini na zinaweza kukwama. Kila unayoongeza, ukingo wake uwe mbele ya ule wa iliyotangulia.

Shabaha je? Kwa mita 100, nikiegemeza bunduki mezani, risasi zangu tano zinaingia kwenye eneo la kiganja. Kwa mtutu wa umri huo sina lawama. Ila zinapiga juu, maana bunduki hizi zililengeshwa zikiwa zimevaa singe, nasi tunazipiga bila singe. Nilivisha sindano ya kulengea ya mbele kijibomba chembamba ili irefuke, mambo yakakaa sawa. Traiga ni nzito na inalegalega kabla ya kushika, unaizoea. Bega halizoei. Bamba la kitako ni chuma kitupu, na mlio wake unawafanya majirani wa uwanjani wageuke.

Sasa kinachokula pesa. Risasi za zamani za jeshi, zile za makopo ya risasi 440, fataki zake (kiwashio cha kitakoni) huacha chumvi ndani ya mtutu. Mafuta hayaiondoi chumvi. Maji ya moto ndiyo yanayoiyeyusha. Kwa unyevu wa Houston, ukichelewa mpaka kesho yake utakuta kutu. Na makopo hayo yameadimika: mwaka 2021 Marekani ilizuia vibali vipya vya kuingiza risasi kutoka Urusi. Risasi mpya za kiwandani sasa ni karibu dola moja kila moja, hivyo mchana mmoja wa kujifurahisha unaweza kumaliza pesa ya chakula cha wiki.

Je, ninunue leo? Kama unapenda historia na kazi ya mikono, nunua, lakini kwanza umulike tochi kwenye mtutu uone kama mifereji ya ndani inayoizungusha risasi imebaki, na ulinganishe namba ya bolti na ya bunduki. Kama unachotaka ni kupiga makopo na karatasi Jumamosi bila kuumia, pesa hiyo hiyo inakupatia bunduki mpya ya bolti ya .22, ile ya risasi ndogo. Savage Mark II ina traiga unayoweza kuilegeza mwenyewe, na Ruger American Rimfire inatumia magazini zilezile za 10/22, bunduki nyingine ya Ruger, zinazopatikana kila duka. Risasi zake ni senti tu, na ukirudi nyumbani unapitisha kitambaa mara moja unaenda kula.