Granaiti, marumaru na vumbi la Dodoma: uzoefu wangu na mawe ya asili nyumbani

Kaunta ya granaiti jikoni naipa nyota tano kwa tano. Marumaru ya bafuni na ile ya meza ya sebuleni naipa tatu, na hizo tatu ni kwa uzuri wake tu. Mawe ya kienyeji ya barazani, ambayo mgeni anayakanyaga bila hata kuyatazama, ndiyo yamenipa raha kuliko yote ukilinganisha na pesa niliyotoa. Karakana iliyonikatia slabu, yaani mabamba ya mawe, naipa mbili na nusu, sababu zake nitazieleza.

Tunakaa Nzuguni. Anayeijua Dodoma anajua vitu viwili ambavyo havikosekani: vumbi na maji magumu. Kwa maoni yangu hivyo viwili ndivyo vikuchagulie jiwe, rangi ije baadaye. Maji mengi ya mjini yanatoka kwenye visima virefu vya Makutupora, na ukiyachemsha birika linaota ukoko mweupe. Ukoko huohuo unabaki juu ya jiwe kila tone linapokauka. Vumbi nalo si udongo mtupu. Kanda hii imekaa juu ya granaiti yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2, majabali unayaona kila upande, na yakimomonyoka yanatuachia mchanga wenye kwatzi, madini magumu, ndani yake. Kwatzi ina ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa madini kutoka 1 hadi 10; marumaru ina 3. Kwa hiyo kila anayeingia ndani na kandambili ameingia na msasa miguuni. Granaiti inavumilia kwa sababu yenyewe imejengwa kwa kwatzi na feldispa, madini mengine ambayo ugumu wake ni 6.

Tangu Serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016, nyumba zimeota kila kona na karakana za mawe nazo zimefuata. Ukiingia, muuzaji anaanza na nchi: hii ya India, hii ya China, hii ya Brazil. Na ukitaja marumaru bila kufafanua, wengi watakuonesha vigae vya kiwandani, basi sema kabisa kwamba unataka jiwe. Nchi lilikotoka haikusaidii sana. Unachotaka kujua ni jiwe litafanya nini ukilimwagia vitu vya jikoni, na hilo unalijua palepale dukani. Mimi nilikwenda na chupa ya maji, ndimu, pamba na dawa ya kutoa rangi ya kucha.

"Mama, ndimu ya nini tena?" kijana wa pale akaniuliza.

"Ya kuliuliza jiwe, mwanangu."

Omba vipande vya mabaki, usijaribie kwenye slabu ya mtu. Kwanza dondosha maji, subiri kama dakika kumi, kisha futa. Jiwe likibaki na doa jeusi la unyevu, linakunywa, na kama linakunywa maji litakunywa na mafuta. Halijaharibika, ila litahitaji kupakwa sila, dawa ya kuziba vitundu vya jiwe, na kupakwa tena mara kwa mara. Halafu kamulia ndimu, subiri tena, futa, inamisha kichwa utazame kwa kuelekea mwanga wa dirishani. Palipokaa ndimu pakififia, pakapoteza mng'ao, hiyo ni marumaru au jiwe la chokaa, iwe imeandikwa nini kwenye bei. Nilikuta slabu nyeupe yenye mistari ya kijivu imeandikwa granaiti kwa kalamu nzito. Ndimu ikaacha duara. Kijana akaniambia, bila hata kusita, "Hii ni granaiti laini, mama." Granaiti laini haipo.

Pamba na dawa ya kucha ni kwa ajili ya mawe meusi. Nyeusi ti inapendwa, na slabu nyingine za kijivu hupakwa rangi ili ziuzike kama nyeusi. Chovya pamba kwenye dawa yenye asetoni, sugua kipande. Pamba ikitoka nyeusi, acha. Mwisho, geuza slabu uangalie mgongoni. Ukikuta wavu wa faiba umebandikwa kwa gundi, ujue kuna jiwe lililohitaji kushikiliwa lisivunjike njiani. Linaweza kukufaa, lakini nisingelitoboa tundu la sinki nikaacha ukanda mwembamba pembeni.

Walinishawishi pia nichukue kwatzi ya kiwandani, ile ya vumbi la mawe lililogandishwa kwa resini, gundi ya aina ya plastiki. Ni nzuri, hainywi mafuta, na ndimu haiigusi. Jikoni kwetu dirisha linatazama magharibi na jua la jioni linapiga kaunta moja kwa moja, na resini haipendi jua kali wala sufuria iliyotoka motoni. Nikachukua granaiti ya kijivu yenye chembe nyeusi, unene wa milimita 20. Siyo ya kupigia picha. Lakini makombo ya chapati hayaonekani juu yake, wala alama za maji, na mtu mwenye watoto anajua thamani ya hilo.

Bei usiulize ya mita ya mraba peke yake. Kingo zinahesabiwa mbali, tundu la sinki mbali, usafiri mbali, na kufunga mbali. Dai jumla, iandikwe.

Sasa karakana. Kazi ya kukata ilikuwa nzuri, kingo laini, tundu la sinki limenyooka. Tatizo ni kiungo, pale vipande viwili vya kaunta vinapokutana. Tulikubaliana kiungo kikae mbali na sinki, na vipande vyote vitoke kwenye slabu moja. Walipokuja kufunga, kiungo kimekaa karibu kabisa na bomba, na kipande cha pili kina chembe kubwa kuliko cha kwanza. Ukisimama mlangoni unaona nchi mbili. Fundi akasema grauti, ule mchanganyiko wa kujazia kiungo, ikikauka hakitaonekana. Kinaonekana. Anayekwenda kununua, piga picha slabu zako, weka alama ya chaki mgongoni, na mchoro wa viungo uwe kwenye risiti.

La pili, walitaka kukatia kavu, ndani, kwa grenda, milango imefungwa ili vumbi lisiende sebuleni. Nilikataa. Vumbi la granaiti lina silika, na silika ikijikusanya kwenye mapafu huleta ugonjwa usioponyeka. Wakakatia nje, mmoja akimwagia maji kwenye diski. Barakoa nilitoa mimi. Hapo ndipo nusu nyota ilipokwenda.

Uzito pia watu huudharau. Mita moja ya mraba ya granaiti ya milimita 20 ni karibu kilo 54. Makabati ya mbao laini yaliyopigwa misumari miwili hayawezi. Sisi fundi seremala alitangulia, akapima usawa kwa pima maji, kaunta ikakaa bila kuwekewa vipande vya mbao chini. Na kwenye kirikuu slabu isafiri imesimama, imeegemezwa kwenye fremu na kufungwa. Ikilazwa, tuta moja la barabarani linatosha kuipasua.

Matunzo ya granaiti ni kazi ndogo: maji ya vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, kisha kitambaa kikavu. Hicho kitambaa kikavu ndicho wengi wanakiruka, na kwa maji ya huku ndicho chenye kazi. Ukiosha ukaacha ikauke yenyewe, baada ya wiki chache unapata ukungu mweupe kuzunguka bomba ambao sabuni haiutoi. Wa kwangu nautoa kwa wembe nilioulaza karibu bapa, taratibu, juu ya granaiti tu. Stilwaya, majivu na mchanga wa kusugulia masufuria vibaki kwenye masufuria. Sufuria ya moto unaweza kuiweka, mimi naweka ubao chini kwa tahadhari, lakini jiko la mkaa juu ya kaunta hapana. Sehemu moja ikichemka huku nyingine baridi, jiwe linaweza kupasuka.

Shangazi yangu alipotoka Singida alituletea mafuta ya alizeti, dumu likawekwa juu ya kaunta usiku kucha huku mfuniko unavuja. Asubuhi kulikuwa na duara la kahawia upana wa sahani, limezama ndani ya jiwe, linasuguliwa na halitoki. Nilichukua poda ya mtoto, nikaichanganya na asetoni hadi ikawa nzito kama siagi ya karanga, nikaipaka juu ya doa unene wa kidole, nikafunika kwa nailoni na kubandika pembeni kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Kesho yake nikatoa nailoni, nikaacha ikauke yenyewe. Poda ilipokauka ilikuwa imegeuka njano na inabanduka kwa vipande. Inavyokauka inavuta mafuta kutoka ndani ya jiwe. Raundi ya kwanza doa lilipungua, ya pili likabaki kivuli, baada ya hapo ni mimi tu ninayejua lilipokuwa. Fungua madirisha ukifanya hivi, na asetoni isikaribie moto wa jiko.

Baada ya hapo nikaipaka sila ya mawe. Sila unaipaka kwenye jiwe kavu, unaiacha inywe, kisha unafuta yote iliyobaki juu kabla haijaganda. Usiweke tarehe kwenye kalenda, rudia lile jaribio la tone la maji. Maji yakianza kuacha doa jeusi, muda umefika.

Marumaru sasa. Mume wangu ndiye aliyeitaka, na sikatai, asubuhi jua likiingia bafuni ile nyeupe inapendeza mno. Lakini kuishi nayo hapa ni kazi. Muuzaji alituambia ikishapakwa sila hata ndimu haitafanya kitu. Si kweli. Sila inazuia kitu kisizame, haizuii asidi kula uso wa jiwe. Marumaru ni kalsiamu kaboneti, ikikutana na asidi inayeyuka juu juu, na hakuna unachofuta kwa sababu hakuna kilichoingia: kuna kilichotoka. Dodoma hii ya zabibu, kila sherehe ina mvinyo, na mvinyo una asidi. Kwenye meza yetu ya sebuleni kuna duara la kitako cha glasi, rangi nyekundu ilitoka siku ileile, lakini mng'ao haukurudi. Juisi ya ubuyu, ukwaju, nyanya, maziwa mgando, vyote ni wa ukoo mmoja. Bafuni adui ni dawa ya choo. Matone machache yalirukia sakafuni karibu na sinki la choo, na sasa pana vidoadoa vyenye ukwaru unavyovisikia kwa kidole. Siki ambayo watu wanashauri kwa ukoko wa maji, kwenye marumaru ndiyo usiiguse kabisa. Ukoko wa marumaru mimi nauzuia kwa kufuta maji kila baada ya kuoga, na ndiyo, watoto wanalalamika. Wenye sakafu ya terazo nao wajihadhari, maana kokoto zake nyingi ni marumaru na kinachozishika ni saruji, vyote vinaliwa na asidi.

Kama moyo wako uko kwenye marumaru tu, chukua iliyosuguliwa bila kung'arishwa. Haing'ai tangu mwanzo, hivyo alama hazipigi kelele. Iweke ukutani, mbali na miguu na mbali na vyakula. Na mlangoni weka mikeka miwili, mmoja nje mmoja ndani.

Barazani tulinunua mawe kwa mzee mmoja mpasuaji, nje kidogo ya mji barabara ya Singida. Tulisalimiana mbukwenyi, kwa Kigogo, tukaongea bei chini ya mti. Wapasuaji wengine huwasha moto juu ya jabali, tabaka la juu likipanuka linaachia. Inarahisisha kazi, lakini jiwe lililopata moto mwingi linabaki na nyufa ndogo na baadaye linabanduka maganda. Mzee alinionesha kuligonga kwa nyundo ndogo: zima linalia kama chuma, lenye ufa linatoa sauti iliyokufa. Tulichagua hivyo moja moja, mengine tukayaacha palepale bila ugomvi. Hayajapakwa sila wala polishi. Yana ukwaru, kwa hiyo mvua za Januari zikipiga hakuna anayeteleza, na usafi wake ni brashi ngumu na ndoo moja. Tuliyapa mteremko kidogo kutoka ukutani ili maji yasituame. Ningekuwa naanza upya, ngazi zote za nje zingekuwa za mawe haya.

Kuhusu kile kiungo cha jikoni, karakana wamesema watakuja kubadilisha kipande wakipata slabu inayofanana. Sijui lini. Sehemu ya mwisho ya malipo yao bado ninayo, na kwenye mkataba imeandikwa italipwa kazi ikikamilika.