Tony Hawk's Pro Skater 3 + 4: ya tatu moto, ya nne wameibana pumzi

Niseme mapema ili asiye na muda aondoke na jibu lake: kama roho yako iko kwenye ile Tony Hawk ya tatu, nunua hata leo. Kama roho yako iko kwenye ile ya nne, tulia kwanza usome.

Kwa wasiofuatilia, hii ni gemu ya kuteleza kwa ubao wa skeiti, yenye jina la Tony Hawk, mchezaji skeiti maarufu wa Marekani, iliyotoka tarehe 11 Julai 2025, wamechukua magemu mawili ya zamani ya studio ya Neversoft, ya 2001 na ya 2002, wakayajenga upya kwa picha za kisasa wakayafunga pamoja. Inafuata nyayo za 1 + 2 iliyotoka 2020, ambayo mimi naiona ni moja ya kazi safi kabisa za kufufua gemu ya zamani. Sasa ile ya 2020 ilitengenezwa na Vicarious Visions, na hao jamaa baadaye wakamezwa na kampuni ya Blizzard jina lenyewe likafa, kwa hiyo Activision, wenye gemu, safari hii kazi wakawapa Iron Galaxy wa Chicago. Kwenye picha na kwenye vidole huwezi kujua kwamba fundi amebadilika, na hiyo ni sifa kubwa sana. Ila kwenye maamuzi utajua.

Tuanze na raha. Kuteleza kwenyewe ni kutamu kinoma. Yaani unashika pedi, ndani ya dakika chache vidole vinakumbuka mambo ambayo kichwa kilishasahau, X unaruka, mraba unapindua ubao, duara unaushika hewani, pembetatu unapanda kwenye chuma unaanza kusaga. Halafu kuna riveti, na hii ndo kitu ile ya tatu ilileta ikabadilisha gemu zima: zamani ukitua kutoka kwenye rampu kubwa kombo yako, yaani ule mfululizo wa mitindo unaouunganisha bila kukatika, imeisha hapo hapo, lakini ukibonyeza riveti wakati unatua ubao unageuka, unaunganisha na kutembea kwa matairi mawili, unafika kwenye chuma kingine, unasaga, unaruka tena, pointi zinajizidisha tu na mapigo ya moyo nayo yanapanda kwa sababu unajua ukianguka sasa hivi unapoteza zote. Ile hofu ya kupoteza kombo ndo utamu wenyewe. Kutoka ya nne wamechukua na kule kuvuka kutoka rampu moja kwenda nyingine zilizopeana mgongo, na sasa unavitumia vyote kwenye ramani zote, hata zile za ya tatu ambazo kwenye gemu la awali hazikuwa nacho. Rampu ulizozizoea zinafunguka njia mpya.

Na ramani za ya tatu wamezifanyia haki. Foundry, kile kiwanda cha chuma, joto lake unaliona kabisa. Canada yule dogo Chuck ulimi bado umeganda kwenye nguzo anasubiri umkomboe. Airport unawakimbiza wezi wa mfukoni huku unashuka na skeiti ndani ya uwanja wa ndege, Los Angeles unasababisha tetemeko la ardhi, Tokyo mataa yanawaka kama hakuna bili ya umeme. Kila mzunguko ni dakika mbili, una orodha ya mambo ya kufanya, herufi za S-K-A-T-E za kuokota, kanda iliyofichwa, pointi za kufikisha, muda ukiisha unarudi mwanzo. Ya tatu ilizaliwa hivyo, ramani zake zilichorwa kwa ajili ya hizo dakika mbili, kila kitu kipo umbali wa kombo moja kutoka kingine.

Sasa twende kwenye ya nne, na hapa ndo nina neno.

Gemu la 2002 liliiondoa saa kabisa. Ulikuwa unaingia ramani ya College au San Francisco unazunguka tu, unavyotaka, muda hauhesabiwi. Unamkuta mtu amesimama, unaongea naye, anakupa kazi yake, hiyo kazi ndo ina muda wake, ukimaliza unaendelea kuzurura. Ramani zilikuwa kubwa kwa sababu hiyo, na watu wake walikuwa na vituko, ulikuwa unajua mtaa kabla hujaanza kushindana nao. Kwenye hii mpya yote hayo yameondolewa. Wameichukua ya nne wakaivalisha nguo za ya tatu, orodha ile ile, dakika mbili zile zile, kimbia okota rudi. Mtu ambaye hajawahi kucheza ya awali hataona tatizo, atasema mbona fresh tu, lakini aliyeicheza atajiuliza hivi wameifufua ya nne au wamechukua ramani zake tu wakazitumia kama viraka vya kuongezea ya tatu.

Na niwe mkweli, dakika mbili zina faida yake. Waliokulia kwenye vibanda vya PS wanajua, dakika mbili ilikuwa ni mfumo kamili wa kupokezana pedi, muda ukiisha unampa mwenzako hakuna ugomvi, wakati ile ya nne ukimpa mtu pedi anazurura nayo weee mpaka hela yake inaisha na ninyi mmekaa kwenye benchi mnamwangalia anaongea na watu. Kwa hiyo naelewa kwa nini mtu angependa kila kitu kiwe na mwendo mmoja. Lakini nyumbani kwangu hakuna foleni jamani! Nina usiku mzima, niacheni nizurure.

Utaambiwa saa unaweza kuirefusha, na ni kweli, kwenye mipangilio unaweza kuvuta mzunguko hadi dakika 60, na nawashauri mfanye hivyo mara tu mkifika College. Inasaidia. Ila hairudishi kilichoondoka, kwa sababu ukishapata hiyo saa nzima unagundua mtaa hauna wa kuongea naye, ile orodha iko pale pale pembeni, unazurura kwenye ramani nzuri iliyo bubu.

Zoo ndo mfano unaouma. Ile ilikuwa bustani ya wanyama yenye wanyama, na vituko vyote vya kufanya nao. Sasa hivi ni ramani ya mashindano, majaji wanakupa alama, vizimba havina wanyama. Na Kona nayo ni ya mashindano, hiyo angalau inaingia akilini kwa sababu Kona ni kiwanja halisi cha skeiti kule Jacksonville, Florida, kipo tangu 1977, watu wameanguka pale kwa kweli. Lakini Zoo bila mnyama? Halafu ramani mbili, Carnival na Chicago, hazipo kabisa. Studio yenyewe ni ya Chicago halafu Chicago ndo wameiacha nje, mimi hapo nilicheka tu.

Badala yake kuna tatu mpya, Waterpark, Movie Studio na Pinball. Nilikuwa nimekaza roho nizichukie ila Waterpark imenishinda, hiyo ramani ni tamu bana, ni bustani ya michezo ya maji iliyokaushwa, mabomba ya kuteleza yote yamebaki matupu, kwa hiyo kila mahali ni rampu, kila ukuta una njia, unaweza kuanzia juu kabisa ukashuka hadi chini kombo haijakatika. Yaani aliyeichora anajua skeiti. Pinball inapendeza macho, Movie Studio ya kawaida tu. Na ndo maana inaniuma zaidi, maana wenye uwezo wa kuchora Waterpark wangeweza kabisa kuirudisha Zoo na uhai wake.

Muziki sasa. Motörhead wapo na Ace of Spades yao, asante, bila hiyo ya tatu isingekuwa ya tatu. Ila nyimbo nyingi za zamani hazikurudi, hasa za ya nne, na nafasi zao zimechukuliwa na nyingine, kuna baadhi ya bendi zipo ila kwa wimbo tofauti na ule uliouzoea. Nyimbo mpya zenyewe si mbaya, kuna panki, kuna metali, kuna hiphop, na nisingezisikia kwingine. Lakini gemu kama hii unainunua nusu kwa masikio, sasa ukiingia ramani ya Alcatraz kisha ukasikia wimbo usioujua unahisi umeingia nyumba ya mtu mwingine.

Wachezaji wapo wengi. Tony mwenyewe, wazee wenzake, Bam Margera yupo, na kizazi kipya kama Yuto Horigome wa Japani mwenye dhahabu mbili za Olimpiki na Rayssa Leal wa Brazil aliyechukua fedha kule Tokyo akiwa na miaka 13. Rayssa ndo ninayemtumia. Kutengeneza mtu wako mwenyewe ipo, kujenga kiwanja chako ipo, na sasa unaweza kuweka na malengo ndani ya kiwanja ulichojenga ili wengine wayajaribu, hiyo nyongeza nzuri. Mtandaoni mnaingia hadi watu 8, wa PS na wa Xbox na wa kompyuta wote chumba kimoja, kuna mchezo mpya wa kuficha na kutafutana herufi za HAWK ambao unachekesha mkiwa mnajuana. Mkiwa hamjuani utakutana na watoto wa pointi milioni kadhaa kwa kombo moja, utaumia bure.

Kuhusu bei, ya kawaida ni dola 50, hiyo kwa shilingi ya Tanzania ni laki na ushee, na kwa ramani ilizonazo si wizi. Mwenye Game Pass, ile huduma ya Microsoft ya kulipia kila mwezi ucheze magemu mengi, iliwekwa humo tangu siku ya kwanza, anza na hiyo. Ile ya dola 70 inakuongezea wahusika Doom Slayer na Revenant kutoka gemu ya Doom, nyimbo kadhaa na vikorokoro vya mavazi, kwa hiyo kama kumwona shetani wa mifupa akisaga chuma hakukusisimui, hizo dola 20 nunulia bando.