Kipimo cha OBD2 cha Bluetooth: kinasoma hitilafu, lakini hakimwondoi fundi

Kipimo hiki cha OBD2 (mfumo wa gari wa kujichunguza na kutunza misimbo ya hitilafu), ambacho huchomekwa kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi upande wa dereva na kutuma taarifa kwenye simu, nimekitumia miezi minane katika Toyota yangu iliyotoka Japani, na kwa bei yake ndogo sijutii kukinunua.

Taa ya injini ilipowaka, fundi mmoja alinishauri nibadilishe sensa ya oksijeni bila kupima chochote. Kipimo kilionyesha msimbo P0171, yaani mchanganyiko wa hewa na petroli unaoingia kwenye injini una hewa nyingi mno kwa petroli iliyopo. Lakini chanzo chaweza kuwa pampu dhaifu ya mafuta, sensa ya hewa iliyochafuka au mpira wa kupitisha hewa uliopasuka, na kifaa hakichagui kwa niaba yako. Jibu nililipata Jumapili kwenye kijiwe chetu cha wapenda magari, Dar es Salaam, ambako kaka mmoja (huyo hunywa kahawa mikono ikiwa bado na grisi) alifuatilia mipira yote ya hewa kwa vidole hadi akaugusa ufa.

Kasoro zipo. Magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani huenda yasifuate kiwango cha OBD2 kilicholazimishwa Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996, hivyo kipimo chaweza kuingia kwenye soketi na simu isionyeshe kitu. Changu pia hakisomi ABS (mfumo wa breki unaozuia magurudumu yasijifunge), na kikiachwa kimechomekwa huendelea kutumia betri. Kwa sasa kinazunguka kijiweni. Wiki iliyopita kilinirudia baada ya siku nne.