Flashi au simu: muziki wa dereva wa saa nyingi

Ubishi wa kusikiliza muziki kwa flashi au kwa simu haukomi vijiweni. Kwa bei, flashi haina mpinzani: ukishajaziwa nyimbo hulipii bando tena, na mtandao ukikatika porini kati ya Morogoro na Iringa, yenyewe inaendelea kuimba. Shida ni redio. Nyingi za magari husoma tu flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 (mfumo wa kupanga mafaili), na vumbi likijaa kwenye tundu la USB wimbo unarukaruka.

Simu inashinda kwa uchaguzi: taarabu, singeli, mpira, mahubiri. Ila inakula chaji na bando, na kila anayepiga anakata wimbo. (Kupekua skrini ukiwa kwenye usukani ni kujitafutia ajali.)

Lori halina tundu la USB? Kuna kirusha mawimbi cha FM cha kuchomeka pa kuwashia sigara, kinachopeleka wimbo kwenye redio ya gari. Hakikisha kinakubali volti 24 za malori mengi, maana vingine ni vya volti 12. Mjini stesheni zimebanana, utasikia mikwaruzo.

Wa bajaji, simu na spika ndogo vinamtosha. Kwenye trekta, kelele za injini zinameza flashi na simu, kwa hiyo nunua kwanza spika yenye nguvu. Wa lori la kwenda mbali, mpakani Tunduma, abebe flashi, simu aiachie kazi ya kumpigia bosi.