Ukarabati wa slabu iliyoliwa na kutu: uzoefu wangu, Raskazone, Tanga

Nimesubiri miezi kumi na minne ndipo niandike haya, maana kazi ya zege haipimwi siku ile fundi anapofungasha vifaa vyake.

Nyumba ni ya wazazi wangu, Raskazone, usiku ukitulia unaisikia bahari. Baba, Mungu amrehemu, aliijenga mwaka 1991 kidogo kidogo, mshahara kwa mshahara. Juu ya baraza la mbele kuna slabu inayobeba roshani, na chini yake ndipo mama anaposhinda: mkeka wake, redio yake, chai ya saa kumi. Miaka kadhaa nyuma ulitokea ufa kwenye dari la baraza hilo, mwembamba, umenyooka kana kwamba umepigwa rula, na kandokando yake michirizi ya rangi ya chai.

Tuliita fundi wa jirani. Akakwangua, akapiga plasta, akapaka rangi, siku moja kazi imekwisha, nikamlipa laki tatu na nusu na kumshukuru. Dari likapendeza kweli. Haikuvuka masika ya pili: alfajiri moja kipande cha ukubwa wa sahani kilidondoka juu ya mkeka, upande ule ambao mtoto wa dada yangu hupenda kulala mchana. Mama alikuwa ndani anatia udhu. Nilipofika kutoka kazini nilikikuta kimewekwa kwenye karai. Upande mmoja rangi nyeupe bado mpya. Upande wa pili mfereji mwekundu ulioachwa na nondo, na ndani yake kutu inabanduka tabaka tabaka kama chapati.

Kipande hicho ninacho hadi leo. Kimenifundisha jambo ambalo plasta ilikuwa imenificha: kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichotoka, mara mbili na zaidi. Nondo ikishika kutu inavimba, na zege halina pa kwenda ila kupasuka. Kwa hiyo ule ufa ulionyooka ulikuwa unafuata nondo, na kuuziba kwa plasta ni sawa na kufunga jipu bila kulitoa usaha.

Kwa mara ya pili tulileta timu kutoka Dar es Salaam, inaongozwa na injinia kijana. Jina lao silitaji humu. Ninachotaka kusimulia ni kazi yenyewe, ili ukiita fundi yeyote ujue cha kumwuliza.

Siku ya kwanza hawakuvunja chochote. Injinia alipanda ngazi na nyundo ndogo akawa anagonga dari shubiri kwa shubiri, kichwa kimeinama kama mtu anayechagua fenesi sokoni. Palipo pazima mlio ni mkavu, mkali. Palipoachana na nondo mlio ni mzito, kuna uwazi ndani. Mama akamwuliza anasikiliza nini. Kijana akashuka, akamkabidhi nyundo kwa mikono miwili: "Shikamoo tena mama. Gonga hapa. Sasa gonga na hapa." Akampeleka kwenye bimu ya pembeni, ile boriti ya zege, pa kufikika. Mama akagonga, akanyamaza, akagonga tena. "Hapa pamekufa," akasema. Ilipofika adhuhuri chaki ilikuwa imezungushia karibu theluthi ya dari, na sisi tulidhani tatizo ni lile tundu la sahani.

Kisha wakatoboa sehemu tatu na kunyunyizia fenoftalini, dawa isiyo na rangi ambayo ikigusa zege lenye afya inageuka waridi iliyokolea. Saruji ni kali kama magadi, na ule ukali ndio unaoivika nondo ngozi nyembamba ya kuikinga. Hewa ikiingia miaka na miaka, kabonidayoksaidi inaupunguza ukali huo kuanzia usoni mwa zege kwenda ndani. Kwetu rangi ya waridi ilianza sentimita mbili ndani. Nondo zilikuwa sentimita moja na nusu tu kutoka usoni mwa dari. Zilikwisha kuachwa uchi.

Hiyo ilikuwa sababu moja. Ya pili ni chumvi, ambayo inaitoboa ile ngozi hata pale zege bado ni kali. Upepo wa bahari unaileta, lakini sisi tuliipika wenyewe ndani ya zege: mama anakumbuka vizuri kwamba mchanga ulichotwa ufukweni na maji yalitoka kisima cha uani, ambacho hata chai yake ina ladha ya chumvi. Na nondo zililazwa juu ya mbao bila biskuti, vile vitofali vidogo vya kuinyanyua nondo ili zege lipite chini yake. Karibu na bahari unahitaji sentimita nne hadi tano za zege la kufunika chuma. Biskuti za slabu nzima zingegharimu kiasi gani mwaka ule? Saruji kidogo na mchanga. Simlaumu baba, hakuna aliyemwambia. Nawaambia ninyi mnaojenga sasa.

Kuvunja kulichukua siku sita, na naomba mnisikilize hapa, kwa sababu hapa ndipo pesa yako inapofanya kazi. Hawakutumia mashine kubwa, ni tindo na nyundo, wasije wakatikisa palipo pazima. Walivunja hadi nyuma ya nondo, kidole kinapita, na wakaifuata kila nondo hadi walipokuta chuma kisicho na kutu. Kingo walizikata wima kwa grainda, maana kiraka chenye ukingo mwembamba kama wembe hubanduka mapema. Halafu brashi ya waya hadi chuma king'ae, na kuosha kwa maji ya bomba mara kadhaa ili chumvi itoke. Maji ya kisima niliyakataza kabisa, nikaifunga hata kamba ya ndoo.

Nondo moja ya milimita 12 ilipimwa ikakutwa imebaki 8. Nilidhani imepungua theluthi. Injinia akanichorea duara mbili kwenye karatasi ya saruji: unene ukitoka 12 hadi 8, zaidi ya nusu ya chuma imekwenda. Nondo nne za aina hiyo ziliongezewa mpya kando yake, zikapishana nusu mita na zile nzima.

Sasa lawama. Siku ya kuanza kuvunja walikuja na mirunda minane tu ya kuishikilia slabu. Slabu unaitoa nyama ya chini, watu wako chini yake, halafu mirunda minane! Niliwasimamisha hadi jioni ilipoletwa mingine ishirini, na siku ile walinipotezea na mimi niliwapotezea. Sikujali. Vumbi nalo liliingia hadi kwenye kabati la vyombo, hakuna aliyetuonya tufunike. Na siku mbili hawakuonekana kabisa, simu haipokelewi.

Kujaza kulikwenda upesi. Nondo zilipakwa dawa ya kuzuia kutu, zege la zamani likaloweshwa tangu usiku, asubuhi likaachwa likauke juu likiwa bado bichi ndani, kisha mota maalumu ya ukarabati, aina ya udongo wa saruji, ikakandamizwa kwa mkono, tabaka baada ya tabaka. Mota hiyo inauzwa kwenye mifuko, ni ghali kuliko saruji ya kawaida, na faida yake ni kwamba haisinyai sana inapokauka na haidondoki ukiipachika darini. Wakapima kina kila mahali. Hakuna nondo iliyobaki na chini ya sentimita tatu na nusu za zege. Ndiyo maana dari letu sasa limeshuka kidogo kuliko zamani.

Kumwagilia ndiko kulikotaka kutugombanisha. Vijana waliona siku mbili zinatosha. Nilisisitiza siku saba, kama ilivyoandikwa kwenye mfuko wenyewe, na injinia akaniunga mkono kwa simu. Kwenye bimu walifunga magunia ya mkonge, Tanga hayakosekani, tukayalowesha asubuhi na jioni. Kwenye dari gunia halikai, kwa hiyo walibana nailoni kwa vipande vya mbao kwenye mirunda na kunyunyizia maji kabla ya kuifunga. Mama alikuwa anaamka usiku kuangalia kama gunia limekauka.

Je, ningewaita tena? Ndiyo, kwa ajili ya ile nyundo, lile tindo na ule mchoro. Kwa mpangilio wa kazi nawapa alama ndogo. Na kuna jambo moja walilonieleza kwa uwazi ambalo mafundi wengi hawalisemi: palipo na chumvi, ukitengeneza sehemu moja kutu inaweza kuhamia pembeni ya kiraka, kwenye zege la zamani ambalo lilikuwa limetulia. Dawa yake ni kufunga vipande vya zinki kwenye nondo kabla ya kujaza, ili zinki iliwe badala ya chuma. Walinipa bei, ikanishinda, nikaiacha. Ningekuwa na uwezo ule wa kuanza upya, ningepunguza rangi na vigae ninunue zinki.

Kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu napanda ngazi na nyundo, nagonga kuzunguka kila kiraka, na mama ananisikiliza kutoka chini, masikio yake ni mazuri kuliko yangu. Viraka vyenyewe viko imara, hakuna ufa, hakuna mchirizi. Ila mwezi uliopita, kona ya kusini karibu na bomba la maji ya mvua, nje kidogo ya kiraka, mama alisema rudia hapo. Nikarudia. Pamekufa, ukubwa wa kiganja. Nimepazungushia chaki, bomba nimelizibua, na injinia amesema anakuja kabla ya masika.