Mchaichai wa chupa ya kioo kutoka Soko la Majengo

Kwangu chai ya mchaichai ni ya asubuhi na jioni, na tangu nihamie Dodoma nimeshatupa mwingi. Mwezi wa nane nilinunua uliokuwa kwenye sinia, jua na upepo vinaupiga tangu alfajiri. Nikachemsha fungu zima, nikapata maji yenye harufu ya nyasi kavu za ng'ombe.

Wiki iliyopita nikamkuta mama mmoja Majengo anayekausha wake kivulini na kuutia kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana. Nilipofungua tu, harufu ikanipanda puani. Akaniambia, "Usiuchemshe, mwanangu. Mwagia maji ya moto, funika, uache dakika kumi." Nilipofunua kikombe, matone yaliyoganda chini ya kifuniko yalinukia limau kuliko chai yenyewe. Hapo ndipo unapoona harufu inakokwenda usipofunika!

Nafundisha kemia sekondari, kwa hiyo jambo hili linanigusa. Harufu ile ya limau ni ya sitrali, kiambata cha harufu ambacho huchukua zaidi ya nusu ya mafuta ya mchaichai. Pamoja nayo mara nyingi kuna mirisini, kiambata kingine cha harufu, ambayo ipo pia kwenye embe na kwenye bangi. Hapa kwetu bangi ni marufuku kisheria na siisifii, ila wanafunzi huniuliza kwa nini aina moja inukie machungwa na nyingine pilipili manga. Jibu ni lile lile la mchaichai: limonini ndiyo ya ganda la chungwa, karyofilini ndiyo ya pilipili manga na karafuu, na kila aina ina mchanganyiko wake. Ule mnuko mkali wa bangi, kama wa kicheche, ni habari nyingine. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa unatokana na viambata vya salfa, tena kwa kiasi kidogo mno.

Sitrali, mirisini na limonini ni nyepesi, huruka upesi. Karyofilini ni nzito kidogo, hukawia. Kwa jua la Dodoma, mchaichai wa sinia umeshapoteza kilicho chake kabla hujatoa hela.

Bei ya chupa ni karibu mara mbili, nami nalipa bila kinyongo. Kasoro niliyoiona ni moja: haina tarehe ya kukaushwa. Nimemwomba mama aiandike hata kwa kalamu kwenye kifuniko, akakubali. Jumamosi narudisha chupa tupu nichukue nyingine mbili.